Sura ya Tisa: Kuitwa Tena Melini

Meli ya kitalii ikikaa bila abiria, lazima awepo mtu wa kuzunguka akifungua mabomba. Anaingia chumba kimoja, anaacha maji ya sinki yakimbie, anafungua bafu, anavuta choo, anafunga mlango, anahamia cha pili. Meli kubwa ina vyumba zaidi ya elfu mbili, na akifika cha mwisho, zamu ya kile cha kwanza imeshawadia tena. Maji yakituama ndani ya mabomba huzaa bakteria wa Legionella, ambao hushambulia mapafu, na meli yenye bakteria hao haiwezi kupakia mtu. Kuanzia Machi 2020 hadi katikati ya 2021, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mfanyakazi wa meli za kitalii aliyebahatika kubaki na kazi.

Kuna namna mbili za kuilaza meli. Ya kwanza ni kuacha jenereta ikinguruma, viyoyozi vikipuliza na mashine zikiguswa kila siku. Kwa hilo watu mia moja hivi wanatosha mahali walipokuwa elfu moja na zaidi. Ya pili ni kuzima karibu kila kitu na kubakiza watu wachache wa kuchunga moto na maji yasiingie. Ya pili ni nafuu kwa mfuko, ila kuiamsha meli iliyozimwa hivyo ni kazi ya miezi. Ndiyo maana kampuni kubwa zilipendelea ya kwanza kwa meli zake mpya, zikitumaini kila mwezi kwamba mwezi ujao bandari zitafunguliwa. Pwani ya kusini ya Uingereza, kutoka Weymouth hadi Torbay, meli zilitia nanga kwa makundi, taa zikiwaka usiku kucha, mpaka wenye boti wa huko wakaanza kuuza tiketi za kwenda kuzitazama kwa karibu. Watu walilipa kuangalia meli tupu. Biashara haikosi mlango.

Nimeanza na mabomba kwa makusudi. Kila meli ilikuwa na kitabu kinachoeleza nani aguse kitu gani, siku gani, ili isiharibike. Kwa watu walioshushwa kutoka kwenye meli hizo hakukuwa na kitabu cha namna hiyo. Hakuna aliyepangiwa kuwapigia simu kila wiki, wala aliyeulizwa vyeti vyao vinaisha lini au wanakula nini. Kampuni zilipotaka kuwaita tena, zikakuta kwamba chuma kimetunzwa na watu hawakutunzwa, na sehemu kubwa ya vurugu iliyofuata, hadi mwaka 2022, ilitokana na hapo.

*

Walichorudi nacho moyoni kinaeleweka tu ukijua walivyoondoka. Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, kwa sababu ya virusi vya korona, ikiwa na watu 3,711. Abiria walifungiwa vyumbani mwao. Wafanyakazi 1,045 waliendelea kupika, kufua na kupeleka sinia za chakula mlango hadi mlango, kisha wakarudi kulala wawili wawili katika vyumba vidogo na kula kwenye ukumbi wao mmoja. Mpaka mambo yanakwisha, watu 712 walikuwa wameambukizwa. Karantini ile ilikuwa ya abiria. Kwa wafanyakazi ilikuwa zamu ya kawaida, yenye barakoa.

Machi 13, CLIA, ambacho ni chama cha kampuni za meli za kitalii, kilitangaza kusimamisha safari za bandari za Marekani kwa siku 30. Kesho yake CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kikatoa amri ya kupiga marufuku safari hizo. Siku 30 zile ziligeuka kuwa miezi 15. Abiria walishushwa kwanza, wengine baada ya meli zao kufukuzwa bandari moja baada ya nyingine. Walipokwisha shuka, milango ikafungwa na wafanyakazi wakabaki ndani.

Kisheria hawakuwa wafungwa. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao kwa kifupi chake cha Kiingereza huitwa MLC, unampa baharia haki ya kurudishwa kwao kwa gharama ya mwenye meli. Lakini nchi zilifunga mipaka hata kwa raia zake, ndege zilikuwa zimelala, na CDC haikuruhusu mfanyakazi wa meli ashuke Marekani mpaka wakuu wa kampuni watie sahihi hakikisho kwamba masharti yote ya afya yametimizwa. Hata hapo ndege za kawaida za abiria zilikatazwa na ilibidi kukodi ndege maalumu, jambo lililoongeza gharama. Kampuni zililalamika kwamba masharti hayatekelezeki, CDC ikajibu kwamba yanatekelezeka, na wiki zikapita huku mtu wa kufua mashuka akihesabu siku kwenye chumba kisicho na dirisha.

Njia iliyopatikana hatimaye ilikuwa ya ajabu: meli zikageuzwa daladala za wafanyakazi. Mwanzoni mwa Mei 2020 meli 18 za kampuni ya Carnival zilikutana katika maji ya Bahamas, zikabadilishana watu kwa boti, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakapangwa kwenye meli tisa kufuatana na upande wa dunia wanakotoka. Moja ikaelekea Asia, nyingine Ulaya, nyingine Afrika. Huko Cuxhaven, Ujerumani, Mein Schiff 3 ilikuwa imekusanya watu wapatao 2,900 kutoka meli mbalimbali ili warudishwe makwao, kisha virusi vikaonekana ndani. Nagasaki nako Costa Atlantica, iliyokuwa pale kwa matengenezo, ilikuwa na wafanyakazi 623 bila abiria hata mmoja, na karibu 150 kati yao waliambukizwa.

Waliofika Manila walidhani safari imekwisha. Kumbe ghuba ilikuwa imejaa. Kufikia mwisho wa Mei zaidi ya meli ishirini za kitalii zilikuwa zimetia nanga hapo, na Wafilipino waliokuwemo walikuwa wakiuona mji wao kutoka sitahani, wakisubiri kipimo, halafu wakisubiri majibu ya kipimo, kwa majuma. Ruby Princess, iliyofukuzwa Australia baada ya abiria wake walioshushwa Sydney kusambaza ugonjwa, ilifika Manila Mei 7 na kujiunga na foleni hiyo. Kwenye Navigator of the Seas kundi la Waromania liligoma kula likidai kurudishwa kwao. Mwezi huohuo ziliripotiwa habari za wafanyakazi kadhaa, katika meli tofauti, waliodhaniwa kuwa wamejitoa uhai. Sitaandika majina yao. Desemba 2020 kamati ya wataalamu ya Shirika la Kazi Duniani ilisema waziwazi kwamba serikali zimeshindwa kuwatimizia mabaharia haki za msingi za mkataba ambao zenyewe ziliuridhia.

*

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti kwa kila mmoja, ila hesabu ilifanana. Mhudumu wa meli ya kitalii, hata awe amefanya kazi na kampuni moja miaka kumi na tano, ni mwajiriwa wa mkataba mmoja baada ya mwingine. Anapanda kwa miezi sita, saba, pengine tisa, anafanya kazi kila siku bila siku ya mapumziko, anashuka, anakaa nyumbani miezi miwili bila mshahara, anaitwa tena. Maofisa wa darajani na wa injini huwa na mikataba mifupi na likizo bora zaidi. Wa hotelini, yaani wapishi, wahudumu wa meza, wasafisha vyumba, baa na dobi, ndio wengi na ndio wanaotegemea bakshishi. Bila mkataba hakuna mshahara, na bila abiria hakuna bakshishi. Kampuni iliyositisha mkataba haikuhitaji kumfukuza mtu. Ilitosha kutomwita.

Katika vijiji vya Goa, India, na katika majimbo ya Ufilipino, taifa linalotoa wafanyakazi wengi kuliko jingine lolote kwenye meli hizi, nyumba nyingi zimejengwa kwa fedha za meli, chumba kwa kila mkataba. Wenye ujuzi wa jikoni waligeuka wauza chakula cha nyumbani. Wengine walibeba abiria kwa pikipiki, wakarudi shamba, wakauza dhahabu ya mke. Mkopo wa nyumba na ada ya shule havikusimama kwa sababu CDC imetoa amri. Hapo ndipo uamuzi wa kurudi ulipofanyika, kabla hata kampuni haijapiga simu. Nimesoma makala nyingi zilizoeleza shauku ya wafanyakazi kurudi baharini, na sikatai kwamba wapo wanaoipenda kazi hiyo kwa dhati. Lakini mtu mwenye deni la miezi kumi na minne akitabasamu mbele ya kamera ya kampuni, tabasamu hilo lisipewe maana ya upendo peke yake.

Kwa wengine hapakuwa na meli ya kurudia. Tangu katikati ya 2020 picha zilianza kutoka Aliağa, Uturuki, ambako meli huvunjwa kuwa vyuma chakavu: Carnival Fantasy, Carnival Inspiration, Carnival Imagination, Sovereign, Monarch, pua zao zikiwa zimekwea nchi kavu na mbavu zikiwa wazi. Kampuni ya meli ya Pullmantur ya Hispania iliomba kulindwa dhidi ya wadai wake Juni mwaka huo, na kampuni ya CMV ya Uingereza ikaanguka Julai. Mtu aliyekuwa na miaka minane kwenye meli moja alikaa sebuleni akitazama kwenye simu jinsi ngazi alizokuwa akizifagia zinavyokatwa kwa moto wa gesi.

*

Wito wenyewe ulikuja kama ulivyokuwa ukija siku zote: ujumbe wa wakala. Kilichobadilika ni orodha iliyoambatana nao. Cheti cha afya cha baharia hudumu miaka miwili, na vingi vilikuwa vimeisha. Vyeti vya usalama chini ya mkataba wa kimataifa wa STCW, vile vya kuzima moto, kujiokoa majini na kuongoza umati wakati wa hatari, huhuishwa kila baada ya miaka mitano, na vyuo vya mabaharia vilikuwa vimefungwa. Viza ya Marekani ya wafanyakazi wa vyombo ilihitaji miadi, na balozi zilikuwa na foleni ya miezi. Pasipoti, cheti cha polisi, kipimo cha dawa za kulevya, kipimo cha PCR cha ndani ya saa fulani kabla ya ndege. Mtu aliyekaa mwaka mzima bila kipato alitakiwa kutanguliza fedha za kupata ruhusa ya kwenda kuzitafuta. Watu wakakopa tena, safari hii kwa dhamana ya mkataba ambao bado haujasainiwa.

Kampuni ya kwanza kubwa kurudi katika Mediterania ilikuwa MSC, na meli yake Grandiosa ikaondoka Genoa Agosti 16, 2020. Wafanyakazi walipimwa zaidi ya mara moja kabla ya abiria kupanda. Abiria waliruhusiwa kushuka bandarini kwa matembezi yaliyopangwa na meli tu. Familia moja iliyojitenga na kundi lake katika safari hiyo ya kwanza ilikataliwa kurudi ndani. Magazeti yalilifurahia tukio hilo. Machache yalisema kwamba kwa aliyekuwa akiwapikia familia ile chakula, kushuka hakukuwa na mjadala wowote.

Wiki chache kabla ya hapo Norway ilikuwa imeonyesha jinsi kosa moja linavyoweza kuharibu kila kitu. Kwenye Roald Amundsen ya kampuni ya Hurtigruten, zaidi ya wafanyakazi 30, wengi wao Wafilipino, walikutwa na virusi huko Tromsø baada ya meli kufanya safari zenye abiria. Ilibainika kwamba wafanyakazi kutoka nje ya Ulaya hawakukaa karantini inavyopaswa kabla ya kuanza kazi. Mkuu wa kampuni aliomba radhi. Kosa lilikuwa la ofisi, lakini somo ambalo sekta nzima ililichukua lilimwangukia mfanyakazi: kuanzia hapo yeye ndiye aliyetazamwa kama mlango wa ugonjwa, na kila utaratibu uliofuata ulilenga kuufunga mlango huo.

Halafu ikaja chanjo, na pamoja nayo ukosefu wa haki ambao haukufichika kwa yeyote. Aprili na Mei 2021 India ilikuwa ikizidiwa na wimbi la pili. Nchi zilizuia ndege zake, na bandari kama Singapore zikakataa mabaharia waliotoka huko karibuni. Wakati huohuo CDC ilizipa kampuni njia ya mkato: meli ambayo asilimia 98 ya wafanyakazi na asilimia 95 ya abiria wamechanjwa isingelazimika kufanya safari ya majaribio. Ghafla mkono wa msafisha vyumba ukawa na thamani. Ufilipino iliwapandisha mabaharia katika orodha ya kipaumbele, na Marekani, yenye chanjo za kumwaga, ikaanza kuwachanja wafanyakazi bandarini, Florida na Galveston, Texas. Ile ya dozi moja ya Johnson & Johnson ilipendwa zaidi kwa sababu meli haikai kusubiri dozi ya pili. Kijana akachomwa sindano gatini wakati mama yake huko kijijini hajui atachanjwa mwaka gani. Meli ilimhitaji akiwa salama. Mama hakuwa kwenye hesabu ya meli.

Hata chanjo nayo ilikuwa na kalenda yake. Odyssey of the Seas ilipangwa kuanza safari Julai 3, 2021. Wafanyakazi wake wote 1,400 walichanjwa Juni 4, lakini kabla siku kumi na nne za kinga hazijatimia wanane wakakutwa na virusi katika upimaji wa kawaida. Safari ikasogezwa hadi mwisho wa Julai.

*

Aliyefaulu vikwazo vyote hivyo alipokelewa ngazini na mtu aliyevaa mavazi ya kujikinga, akapelekwa moja kwa moja kwenye chumba, na mlango ukafungwa. Siku kumi na nne peke yake, chakula kikiachwa sakafuni nje ya mlango, anabisha mtu na kuondoka. Kilichowashangaza wengi ni chumba chenyewe: wakati huo meli zilikuwa tupu, hivyo mhudumu aliwekwa katika chumba cha abiria, chenye dirisha, mara nyingine hata chenye roshani. Alikuwa ametandika vitanda vya namna hiyo maelfu ya mara bila kulala juu ya kimoja. Sasa amekipata, na hana ruhusa ya kutoka. Abiria walipokaribia kurudi alikikabidhi chumba na kushuka kwenye sitaha za chini, kwenye vitanda vya juu na chini na choo cha kugawana, pembeni ya ujia mrefu unaopita kutoka tezi hadi omo, ambao kwenye meli nyingi za Kimarekani huitwa I-95 kwa jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki.

Kisha mazoezi. Amri ya CDC ya Oktoba 30, 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya kupiga marufuku, ilitaka kila meli ithibitishe kwanza kwamba inaweza kuwalinda wafanyakazi wake: maabara ya kupimia ndani ya meli, vyumba vya kutenga wagonjwa, mikataba na hospitali za nchi kavu, upimaji wa mara kwa mara wa kila mtu. Nakiri kwamba kwenye karatasi mpango ulikuwa na mantiki: mfanyakazi awe wa kwanza kulindwa, abiria afuate. Baadaye ndipo zikaja safari za majaribio, na ya kwanza Marekani ilifanywa na Freedom of the Seas kutoka Miami Juni 20, 2021, abiria wakiwa watu wa kujitolea, wengi wao waajiriwa wa ofisini wa kampuni yenyewe. Kwa siku mbili watu wa ofisi walihudumiwa na watu wa meli. Ningependa kujua kama kuna aliyeacha bakshishi.

Juni 26, 2021 Celebrity Edge iliondoka Fort Lauderdale ikiwa na abiria wanaolipa, meli kubwa ya kwanza kutoka bandari ya Marekani tangu marufuku, chini ya nahodha Kate McCue. Ilibeba chini ya nusu ya uwezo wake. Wafanyakazi walipanga mstari wakipiga makofi wakati abiria wanapanda, na waliokuwepo wanaeleza kwamba machozi yalikuwa pande zote mbili. Naamini. Baada ya miezi 15, hata sauti ya sanduku la magurudumu kwenye zulia ni mshahara.

Kazi yenyewe ilikuwa imebadilika, na si yote kwa ubaya. Zamani kabla meli haijang'oa nanga abiria wote walikusanywa kwenye vituo vyao vya dharura kwa wakati mmoja, wakisukumana na kunung'unika, na mhudumu akisimama mbele akionyesha namna ya kuvaa jaketi okozi. Royal Caribbean ilibuni utaratibu wa abiria kutazama maelekezo kwenye simu au televisheni ya chumbani, kisha kupita kituoni kwa muda wake mwenyewe, na kampuni nyingine zikafuata namna hiyo. Hakuna mhudumu aliyeulilia utaratibu wa zamani. Kwenye bufee, abiria alizuiwa kushika kijiko. Mfanyakazi akasimama nyuma ya kioo na kupakua, jambo lililomaanisha watu wengi zaidi kwenye zamu ileile. Barakoa saa kumi kwa siku, jikoni kwenye joto. Sheria ya MLC inataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika juma. Ukigeuza hesabu hiyo utaona inaruhusu saa 14 za kazi kwa siku, na mwanya huo ulitumika.

Kilichouma zaidi ni kunyimwa nchi kavu. Mtu asiyejua meli huona kushuka bandarini kuwa anasa. Kwa mfanyakazi, saa mbili za kukaa kwenye kibanda chenye intaneti ya bei nafuu, kununua dawa ya meno, kupiga simu ya video kwa mtoto na kula kitu chenye pilipili ya kwao, ndizo zinazomwezesha kumaliza mkataba wa miezi minane. Katika kipindi kirefu cha 2021 abiria walishuka Cozumel na Nassau, na waliowafulia taulo za ufukweni walibaki ndani. Baa ya wafanyakazi nayo ilifungwa au kuwekewa idadi. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka kwamba kurudi kazini kwa mwaka ule kulikuwa kifungo cha pili, safari hii kwa hiari ya mtu ambaye hiari zake nyingine zilikuwa zimekwisha.

Desemba 2021 aina mpya ya virusi, Omicron, ikaingia. CDC iliwashauri watu, hata waliochanjwa, waepuke meli za kitalii, lakini safari hazikusimamishwa. Wafanyakazi walipougua walitengwa, na waliobaki wakabeba zamu zao. Mikahawa ilifungwa baadhi ya jioni kwa kukosa wahudumu, na abiria wakaandika malalamiko.

Ndipo 2022 kampuni zilipogundua kwamba wito hauitikiwi kama zamani. Kampuni ya Princess ilifuta safari za Diamond Princess kutoka San Diego zilizopangwa kuanza Septemba mwaka huo, sababu ikiwa upungufu wa wafanyakazi. Ndiyo, meli ileile ya Yokohama. Kampuni zilitaja viza na ucheleweshaji wa ndege, na ni kweli vilikuwepo. Mimi naongeza kumbukumbu. Miezi ile nyumbani watu walijifunza kwamba hoteli ya Dubai inalipa na ina siku ya mapumziko, kwamba meli za mizigo zinahitaji wapishi, kwamba mtoto aliyemwacha akitambaa sasa anazungumza. Mpishi mwenye mikataba kumi ana ujuzi ambao hauagizwi dukani, na akichagua kutorudi nafasi yake hujazwa na kijana anayeiona bahari kwa mara ya kwanza. Meli nyingi za 2022 ziliondoka na vijana wa namna hiyo kwa wingi.

Baadhi yao walitoka kwetu. Muda mfupi kabla ya janga, MSC ilikuwa imeanza kuchukua vijana wa Kenya kwa kazi za meli za kitalii kufuatia mazungumzo na serikali yao, na mafunzo ya msingi ya usalama yakawa neno la kawaida mitaani Mombasa. Kwao janga lilikuja wakiwa hawajamaliza hata mkataba wa pili. Waliposikia meli zinaita tena, walikimbilia vyuo na mawakala, na palipo na foleni ya wenye shida hapakosi tapeli wa kuuza nafasi isiyokuwepo.

Idadi za abiria zinaonyesha sekta ilivyopona. CLIA ilihesabu abiria milioni 29.7 mwaka 2019, milioni 4.8 mwaka 2021, na milioni 31.7 mwaka 2023. Carnival, iliyopata hasara ya dola bilioni 10.2 mwaka 2020, imerudi kwenye faida. Upande wa wafanyakazi mabadiliko ni machache, ingawa yapo. Mwaka 2022 MLC ilifanyiwa marekebisho, yakaanza kutumika Desemba 23, 2024: mwenye meli anatakiwa, kadiri inavyowezekana, kuwapa mabaharia intaneti, na kama kuna malipo yawe ya kiasi, nayo maji ya kunywa yawe ya bure na ya kutosha. Miaka miwili ya watu kufungiwa baharini ilizaa simu ya nyumbani na glasi ya maji. Suala la nani anamlipa mhudumu meli zikisimama tena halikuguswa.

Kwa hiyo kijana unayesoma sura hii ukiwa na fomu ya wakala mkononi, Kenya na Tanzania zote zimeuridhia MLC, na mkataba huo unakataza wakala kukutoza ada ya kukutafutia kazi. Utajilipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Kabla ya kusaini, omba uonyeshwe kifungu kinachosema nani analipa tiketi ya kukurudisha na mshahara unakoma siku gani meli ikizuiwa kusafiri. Omba pia kuona cheti cha bima ya mabaharia waliotelekezwa, ambacho hutakiwa kubandikwa melini na kugharamia hadi miezi minne ya mshahara wako. Wakala anayeshindwa kujibu maswali hayo usimpe pasipoti yako.